"Kesi imetajwa", "ana kesi ya kujibu", "ameachiwa": mahakama inasema nini hasa?

Mama mmoja kutoka kijiji kilicho mbali na makao makuu ya wilaya alitupigia simu studio huku akilia. Asubuhi ile hakimu alikuwa amemwachia mwanawe baada ya kijana kukaa mahabusu miezi kadhaa. Ndugu walishangilia, mmoja akakimbia kutafuta bodaboda ya kumrudisha nyumbani. Kabla kijana hajafika getini, askari walimkamata tena, kwa kosa lile lile, wakarudi naye kituoni. Mama alitaka kujua jambo moja tu: "Hakimu si ndiye mkubwa pale? Amesema mwachieni, mbona wao wamemchukua?"

Tulimwomba atafute mtu wa kusoma karatasi aliyopewa kijana. Ilikuwa imeandikwa kwamba shtaka limeondolewa. Kwenye maneno hayo mawili ndiko kuliko na jibu la swali lake, na ndiyo maana tumeandika makala haya.

Kwa miaka mingi Watanzania walilalamika kwamba mahakama zinasema Kiingereza. Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili, lakini ukipanda juu zaidi, mashahidi walijieleza kwa Kiswahili, kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza, na mkulima aliyeshinda au kushindwa akapewa hukumu asiyoweza kuisoma. Februari 1, 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria Dodoma, Rais John Magufuli alimteua Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Hata hivyo simu tunazopokea zinatuonyesha kwamba tatizo halikuisha, limebadilika tu. Neno la Kiingereza usilolielewa unajua kwamba hulielewi, kwa hiyo unauliza. Lakini hakimu anaposema "kutajwa", "kuachiwa", "kujibu" au "msimamizi", kila mtu anadhani ameelewa, kwa sababu maneno hayo anayatumia nyumbani kila siku. Mahakamani yana maana nyingine. Watu wamepoteza nauli, mashamba na hata miaka ya maisha yao kwa sababu ya tofauti hiyo.

Kuachiwa kuko kwa namna nyingi

Tuanze na swali la yule mama. Mtu anaweza kutoka mahakamani kwa miguu yake kwa sababu tofauti kabisa, na kijijini zote tunaziita "ameachiwa".

Akiachiwa kwa dhamana, kesi bado ipo na lazima arudi tarehe aliyopangiwa. Akiachiwa huru baada ya mahakama kusikiliza ushahidi na kusema hana hatia, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo hilo, ingawa upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa. Kati ya hali hizo mbili kuna ya tatu, na ndiyo iliyomkuta kijana wa mama yetu. Mwendesha mashtaka anaiambia mahakama kwamba hataki kuendelea, shtaka linaondolewa, mshtakiwa anaondoka. Hapo hakuna aliyesema kwamba hana hatia. Hakuna pia aliyesema kwamba anayo. Ikiwa shtaka limeondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, sheria inaweza kuruhusu akamatwe na kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Kwa hiyo askari wale hawakumpuuza hakimu. Tunaweza kubishana kama ni haki mtu kuachiwa na kukamatwa ndani ya dakika kumi, na mawakili wengi wamekuwa wakilalamikia desturi hiyo, lakini anayeijua sheria hashangazwi nayo.

Mwenye mamlaka ya kuondoa mashtaka kwa Jamhuri nzima ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye kwenye taarifa zetu za habari mnamsikia kama DPP. Mnakumbuka kesi ya ugaidi iliyomkabili Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, pamoja na wenzake watatu. Februari 18, 2022 Mahakama Kuu ilisema wana kesi ya kujibu. Machi 4, wiki mbili tu baadaye, upande wa mashtaka ukaieleza mahakama kwamba DPP hana nia ya kuendelea, na wote wakaondoka gerezani. Wengine walisema mahakama imemsafisha, wengine wakasema amesamehewa. Mahakama haikutoa hukumu ya ama hatia au kutokuwa na hatia, kwa sababu kesi haikufika huko.

Msamaha ni kitu kingine tena. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli alipowasamehe wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza, yaani Babu Seya na Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha, hakufuta hukumu. Msamaha wa Rais unaondoa adhabu au kuipunguza. Hukumu iliyomtia mtu hatiani inabaki kwenye kumbukumbu. Kinachoifuta hukumu ni mahakama ya juu. Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha Oktoba 15, 2021. Mei 6, 2022 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Hata hivyo siku ile hakwenda nyumbani, kwa sababu alikuwa na kesi nyingine. Kila jalada lina maisha yake: ukishinda moja, lingine bado linakushika.

Kwa hiyo ndugu yako akiachiwa, kabla ya kuchinja mbuzi, muulize karani swali moja: ameachiwa kwa sababu gani? Jibu liko kwenye jalada, na una haki ya kuomba nakala ya amri hiyo.

Siku ya kutajwa, waache mashahidi washike jembe

Neno linalowala watu nauli kuliko yote ni "kutajwa". Kesi ikipangwa kutajwa, maana yake mahakama itaangalia tu imefikia wapi: upelelezi umekamilika? jalada limerudi? mdaiwa amepata wito? Siku hiyo hakuna shahidi atakayesikilizwa. Inaweza kuchukua dakika tatu, hakimu akapanga tarehe nyingine. Siku ya "kusikilizwa" ndiyo siku ya ushahidi.

Tumewaona wazee waliokodi gari zima wakaja na mashahidi sita siku ya kutajwa, wakarudi na hasira wakiamini kuna mtu amehongwa. Siku ya kusikilizwa ilipofika hela ilikuwa imekwisha, mashahidi wamechoka, na kesi ikaharibika kwa kukosa ushahidi. Unapopewa tarehe, usiondoke mlangoni bila kuuliza: ni ya kutajwa au ya kusikilizwa? Iandike hivyo kwenye simu yako. Ila wewe mwenyewe, kama ni mshtakiwa au mmoja wa wenye shauri, huruhusiwi kukosa hata siku ya kutajwa. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana asipofika, mahakama inaweza kuagiza akamatwe na mdhamini wake aitwe.

Kuna kesi ambazo kwa muda mrefu hutajwa tu. Kesi za mauaji na uhaini husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini huanzia mahakama ya chini. Hakimu wa huko hana mamlaka ya kuzisikiliza. Anazitaja, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili hivi, mpaka upelelezi ukamilike na jalada lihamishiwe Mahakama Kuu. Ndiyo maana Aprili 10, 2025, Tundu Lissu alipofikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, hakutakiwa kujibu shtaka la uhaini. Siku ile ile, mahakama ile ile, alisomewa pia shtaka la kuchapisha taarifa za uongo, na hilo aliulizwa, akalikana. Wengi walituuliza kwa nini huku aulizwe na kule asiulizwe. Ni kwa sababu ya mamlaka ya mahakama. Kunyamaza kwenye shtaka la mauaji mbele ya hakimu wa wilaya hakuhesabiwi kukubali wala kukataa.

"Ni kweli" mbili

Penye mamlaka, swali ni hili: "Umesikia shtaka. Ni kweli au si kweli?" Hapa ndipo tungependa kila kijana wa kijijini asikilize kwa makini, kwa maana hakuna neno la mahakamani lenye gharama kubwa kuliko "ni kweli".

Kwa malezi yetu, mtu mkubwa akikuuliza, unajibu kwa adabu na kueleza yaliyotokea. Kijana anaulizwa kama ni kweli alimpiga jirani. Anajibu, "Ni kweli, ila yeye ndiye aliyenivamia na panga." Nyumbani hayo ni maelezo. Kisheria huko si kukiri, ni kukana, kwa sababu anasema alikuwa anajihami. Hakimu makini ataandika kwamba amekana. Lakini wapo waliosema "ni kweli" wakanyamaza, wakidhani watapewa nafasi ya kueleza baadaye. Nafasi hiyo haiji kwa namna waliyoitarajia.

Ukikiri, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka, kisha unaulizwa tena kama maelezo hayo ni sahihi. Hiyo ndiyo "ni kweli" ya pili, na ndiyo mlango wa mwisho. Kama kuna jambo hukubaliani nalo, liseme hapo hapo. Ukikubali yote, mahakama inakutia hatiani bila shahidi hata mmoja, na baada ya hapo huwezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, bali adhabu tu: kwamba ni kali mno au si halali. Kinachoweza kukuokoa ni kuonyesha kwamba ulivyokiri kulikuwa na utata au hukuelewa, na hiyo ni kazi ngumu ukiwa gerezani.

Mfano unaotuumiza ni wa vijana wanaoshtakiwa kwa kubaka. Kijana anasikia neno "kubaka" na anafikiria kutumia nguvu. Yeye hakumlazimisha mtu. Binti ni mpenzi wake, hata wazazi wanajua. Anasimama kizimbani na kusema "ni kweli nilikuwa naye, tunapendana." Sheria ya Tanzania inasema kufanya mapenzi na binti aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe amekubali au hakukubali, na kwa mtu mzima adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Sheria hiyo imewekwa kuwalinda mabinti zetu, nasi hatuipingi. Lakini kijana na mzazi wake wajue neno hilo lina maana gani mahakamani kabla hawajafika huko, na ingekuwa bora zaidi wakilijua kabla kosa halijatendeka.

Hali ni hiyo hiyo kwa "unyang'anyi wa kutumia silaha". Watu wanadhani silaha ni bunduki. Panga ni silaha, rungu ni silaha. Aliyenyang'anya simu ya elfu themanini huku ameshika panga hashtakiwi kwa wizi. Anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na hana dhamana wakati kesi ikiendelea.

Ana kesi ya kujibu, hana kesi ya kujibu

Tukirudi kwenye neno tulilolipita katika kesi ya Mbowe: upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, mahakama inajiuliza kama ushahidi ule, ukiachwa hivyo hivyo bila kupingwa, unaweza kumtia mtu hatiani. Kama hautoshi, mshtakiwa hana kesi ya kujibu na anaachiwa huru palepale. Kama unatosha kumfanya ajieleze, ana kesi ya kujibu. Ni kama mtu aliyeambiwa kwenye baraza la wazee, "Tumewasikia wenzako, sasa zamu yako." Bado hajaonekana ana hatia. Anaweza kujitetea kwa kiapo, kuita mashahidi au kunyamaza.

Vyombo vya habari, sisi tukiwemo, tumelitangaza neno hili kwa sauti ya msiba kana kwamba hukumu imeshatoka. Tumefanya kosa jingine baya zaidi, la kusema "muuaji amefikishwa mahakamani". Aliyeshikiliwa na polisi kwa kushukiwa ni mtuhumiwa. Akisomewa shtaka mahakamani ni mshtakiwa. Akiwa gerezani akisubiri kesi ni mahabusu. Ni mpaka mahakama imtie hatiani ndipo anapokuwa mkosaji, na akipewa kifungo, mfungwa. Mtu anayeitwa muuaji redioni, kisha akaonekana hana hatia miaka minne baadaye, anarudi kwenye kijiji ambacho kilimhukumu siku ya kwanza.

Na hata mtu akiua kweli, kuna kuua na kuua. Mwigizaji Elizabeth Michael, mnayemjua kama Lulu, alishtakiwa mwaka 2012 kwa mauaji ya msanii Steven Kanumba. Baadaye shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kosa hilo na kumpa kifungo cha miaka 2. Watu walizozana vijiweni kuhusu udogo wa adhabu. Kwenye mauaji, yaani kuua kwa kukusudia, hakimu hana uchaguzi mpana: adhabu iliyoandikwa ni kunyongwa. Kwenye kuua bila kukusudia, adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, lakini jaji anaweza kushuka chini sana kwa kuangalia mazingira. Neno "kukusudia" ndilo linalobeba tofauti yote.

Kesi ya jinai si ya aliyeumizwa

"Nimefuta kesi," mzazi anatuambia, "tumeelewana na familia yao, wamelipa ng'ombe wawili." Hajafuta chochote. Kesi ya jinai inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani kwa sababu mwenye kesi ni Jamhuri. Aliyeumizwa ni shahidi, hata akiwa shahidi muhimu kuliko wote. Makosa madogo, kama kupigana au kutukanana, mahakama inaweza kuruhusu wahusika wapatane. Lakini kubaka au kumpa mwanafunzi mimba hakumalizwi kwa ng'ombe, na anayemficha mtoto ili asiende kutoa ushahidi anaweza kujikuta naye ana kesi.

Kwenye kesi ya madai ni tofauti: deni, mpaka wa shamba, talaka, mirathi. Hapo kuna mdai na mdaiwa, mwenye shauri ni wewe, na unaweza kuliondoa. Kipimo cha ushahidi nacho si kimoja. Kumfunga mtu kunahitaji ushahidi usioacha shaka ya maana, wakati kwenye madai anashinda yule ambaye ushahidi wake una uzito zaidi kwenye mizani. Ndiyo sababu mtu anaweza kushinda kesi ya jinai ya kuharibu mazao yako kisha akashindwa kwenye madai ya fidia ya mazao hayo hayo.

Dhamana na hela ya dhamana

Mmeona mabango vituoni: dhamana ni bure. Bado watu wanauza kuku kupata "hela ya dhamana". Hakimu akisema mdhamini asaini bondi ya shilingi milioni tano, kwa kawaida hasemi uilete milioni tano. Anasema uahidi kwa maandishi kwamba mshtakiwa akitoroka, utailipa. Utahitaji kitambulisho na barua ya mtendaji, na mara nyingine ushahidi wa mali isiyohamishika. Pale mahakama inapoagiza waziwazi kwamba fedha au hati iwekwe, fedha hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa stakabadhi. Anayekuomba umkabidhi mkononi pembeni ya jengo hana uhusiano na dhamana yako.

Hilo lisikufanye ulichukulie jambo hili kirahisi. Ahadi uliyoisaini inadaiwa kweli. Kama humwamini mtu kumpa baiskeli yako, usimwekee bondi ya milioni tano.

Baadhi ya makosa hayana dhamana kisheria, yakiwemo mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, lakini mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirejesha. Kwa hiyo hakimu anayemnyima dhamana mshtakiwa wa mauaji hana chuki naye. Mikono yake imefungwa.

Msimamizi wa mirathi si mrithi

Kama tungeambiwa tuchague neno moja la kubandika kwenye kila mti wa mkutano, tungechagua hili. Baba amefariki, ukoo unakaa, unamchagua baba mdogo aende mahakamani. Anarudi na barua ya usimamizi wa mirathi yenye muhuri. Kuanzia siku hiyo anatembea kama mwenye mali. Anauza ng'ombe, anakodisha shamba, na mjane akiuliza anaonyeshwa muhuri.

Muhuri ule haumpi mali. Unampa kazi. Msimamizi ni mfano wa mchungaji wa ng'ombe wa watu: anatakiwa kukusanya mali za marehemu, kuziorodhesha mahakamani, kulipa madeni ya marehemu, kugawa kinachobaki kwa warithi, kisha kurudi mahakamani kueleza alivyogawa. Asipofanya hivyo, au akijigawia, mrithi yeyote, mjane akiwemo, anaweza kwenda kwenye mahakama ile ile iliyompa barua na kuomba usimamizi wake utenguliwe. Hahitaji ruhusa ya ukoo. Na kuchaguliwa kwenye kikao cha ukoo pekee hakumfanyi mtu kuwa msimamizi. Mahakama ndiyo inayoteua, na aliye na pingamizi anaweza kulipeleka kabla uteuzi haujafanyika.

Kuhusu ardhi, wengi bado wanasema "nimeshinda Baraza la Kata". Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu ya ardhi. Linasuluhisha, na limepewa siku 30. Mkishindwa kupatana, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, nawe unaipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila kupita kwenye kata, wilayani watakurudisha.

Kuna na wale wanaoukimbia wito. Karani akija wanajificha shambani, wakiamini kwamba bila wao kesi haiwezi kuendelea. Inaendelea. Mahakama ikiridhika kwamba ulipewa wito ukakataa, inasikiliza upande mmoja na kutoa hukumu ya upande mmoja, na siku utakayomwona dalali wa mahakama amesimama kwenye ua wako ndiyo siku utakayojua umeshindwa. Unaweza kuomba hukumu hiyo itenguliwe, lakini lazima uwe na sababu nzuri ya kutofika na uende haraka.

Kwa upande wa mshindi nako kuna mtego. Hukumu inasema ulipwe milioni mbili. Unasubiri mwaka mzima nyumbani. Mahakama haimfuati mdaiwa kwa niaba yako mpaka urudi kuomba kukazia hukumu, ndipo mali ikamatwe au hatua nyingine ichukuliwe.

Siku za rufaa

Rufaa ni kwenda mahakama ya juu kusema uamuzi wa chini umekosewa. Huko hamwanzi kesi mwanzo. Kwa kawaida mahakama ya juu inasoma kumbukumbu za kule chini, ndiyo maana jambo ulilolificha kwa hakimu wa kwanza ni vigumu kulileta huko.

Siku zenyewe ni chache. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya una siku 30. Kesi ya jinai iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, unatoa kwanza taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha unapeleka rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na muda uliosubiri kupewa nakala za hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Aliye gerezani anapeleka taarifa na rufaa yake kupitia kwa mkuu wa gereza. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda, na mahakama zetu zimesisitiza mara nyingi kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. "Nilikuwa sijui" haikubaliki kirahisi.

Sikiliza pia neno la mwisho juu ya rufaa yako. Ikiwa imeondolewa kwa kasoro, kama vile kutosainiwa au kukosa nyaraka, unaweza kurekebisha na kurudi. Ikiwa imetupiliwa mbali baada ya hoja kusikilizwa, mlango wa mahakama hiyo umefungwa na unabaki ule wa juu yake, kama sheria inakuruhusu.

Nakala ya hukumu iombe siku ile ile inaposomwa, kwa barua, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha ulianza kusubiri lini. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu. Na kwa asiye na wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni bure. Ofisi ya kata au ya maendeleo ya jamii wilayani inaweza kukuelekeza walipo. Nenda na karatasi zote ulizopewa mahakamani, hata ile unayodhani haina maana.